TV nzima niliiuza kama mbovu, kisa HDCP

Juzi usiku jamaa wa Mafinga kanitumia meseji, kaanza na "kamwene kaka", nikajua hapa kuna kazi. TV yake inaandika HDCP, yaani ule ulinzi wa picha nitakaoueleza hapo chini, halafu kioo kinakuwa cheusi tii, fundi kamwambia bodi imeungua, aandae laki na nusu. Nimeisoma ile meseji mara tatu hasira zikanipanda upya, maana hayo mimi yameshanikuta.

Sisi wote tunaohangaika na vibanda umiza ndoto yetu moja, ukumbi wa maana, skrini kila ukuta. Mimi nilianza na mabati pale Ilomba, Mbeya, mabenchi sita, TV moja. Nilivyopata hela nikaongeza ya pili, nikaenda Mwanjelwa nikachukua splita ya bei chee ili king'amuzi kimoja kilishe TV mbili, nikajiona mjanja kweli. Siku ya dabi ya Simba na Yanga watu wamejaa mpaka mlangoni, makoti na vitenge maana baridi la Julai mnalijua, umeme ukakatika, ukarudi hapo hapo. TV zote nyeusi, maandishi madogo meupe katikati, HDCP. Nilirudisha buku moja moja mpaka nikakopa chenji kwa muuza karanga. Mzee mmoja jirani akanishika bega, "pole mwanangu", na ile pole inaniuma kuliko matusi ya wengine wote.

Kesho yake fundi akainusa TV mpya kwa nyuma, akaipiga kofi, "bodi imekufa hii." Nikamuachia kwa elfu 80, TV ya laki nne na nusu! Wiki haijaisha napita kwake naikuta imetundikwa ukutani inaonyesha mpira, na stika yangu ya Yanga kwenye kona hata hajaibandua.

Ndo nikaanza kusoma mwenyewe. HDCP ni ulinzi wa kuzuia watu wasinakili picha, waliubuni Intel wa Marekani, toleo la kwanza mwaka 2000. Kabla picha haijapita kwenye waya wa HDMI, king'amuzi na TV lazima visalimiane na kuonyeshana funguo za siri. TV isipoitikia salamu, king'amuzi kinafunga picha. Sasa umeme ukikatika na kurudi ghafla vinaamka vyote pamoja, mmoja anasalimia mwenzie bado ana usingizi, basi wamenuniana. Na splita ikikaa katikati inaingia kwenye salamu hizo hizo, ikiwa ya ovyo inavuruga kila kitu. Kinachoniudhi, funguo mama ya huo ulinzi ilivuja 2010 na Intel wenyewe wakakiri, lakini anayerudisha viingilio ni mimi wa Ilomba.

Kwa hiyo zima vyote, chomoa ukutani, siyo kwa rimoti, UKUTANI. Chomoa HDMI pande zote mbili, kaa dakika tano, chomeka, washa TV kwanza, ikishatulia ndo uwashe king'amuzi. Ikigoma toa splita, unga moja kwa moja. Bado? Badili waya, badili tundu, maana picha za 4K, zile kali kabisa, kwa kawaida zinataka toleo la HDCP 2.2 na kuna TV ina tundu moja tu lenye hiyo. Halafu rudia kuchomoa ukutani. Na vijana wenzangu tuache kumsujudia kila aliyeshika bisibisi, fundi asipojaribu hata waya mwingine huyo anaitaka TV yako, beba mali yako urudi nayo nyumbani.

Jamaa wa Mafinga alitoa splita, ikawaka, laki na nusu yake bado iko mfukoni. Anauliza TV ya pili itakuwaje na jioni kuna mechi. Nimemwambia aiunge na zile waya za AV, njano, nyekundu na nyeupe, picha itakuwa na ukungu kidogo ila zenyewe hazina mambo ya salamu.