Redio Inatuomba Mchango, Tutoe?

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Kisauni, na redio yangu haizimwi tangu alfajiri mpaka nifunge kazi. Kituo ninachosikiliza ni cha jamii, kidogo tu, ukivuka Mtwapa hukipati tena. Sasa ni wiki ya tatu watangazaji wanatuomba tuchange kwa M-Pesa, wanasema kituo ni chetu. Jirani yangu muuza viazi karai anasema huo ni ujanja. Redio ni bure tangu enzi za babu, na kama wana shida waende kwa mheshimiwa mmoja aliyejitolea kuwanunulia transmita mpya. Nitoe au nisitoe? (Fundi, Kisauni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Toa. Sasa kaa nikueleze.

Jirani yako amekosea kwenye neno moja, hilo la "bure". Redio haijawahi kuwa bure. Ami yangu alikuwa na duka la nguo Mwembe Tayari, na ndani ya droo ya pesa mlikuwa na bunda la kadi za salamu za redioni limefungwa kwa mpira. Kadi zenyewe alizinunua. Jioni akishafunga hesabu huvaa miwani, akajaza majina moja moja kwa hati nzuri: mkewe, shemeji zake wa Lamu, rafiki zake wa barazani, kisha akatia kadi posta. Siku jina lake likisomwa, Kibokoni nzima itajua. Ami alikuwa mchangiaji wa redio kabla neno hilo halijaingia mjini. Redio ya taifa nayo tumeilipia kwa kodi, na hizi za biashara tunazilipia kila tununuapo sabuni, maana gharama ya tangazo imo ndani ya bei ya sabuni. Kwa hivyo kulipa tunalipa. La kuuliza ni nani anayeshika mkoba, na akishaushika anaweza kuamrisha nini.

Hapo nina kisa changu, na sikioni fahari kukisimulia. Nilikaa mbele ya maikrofoni miaka 22. Kituo sitakitaja. Asubuhi moja tulikuwa na kipindi cha maoni, mada ni maji, na unajua mwenyewe maji ya Mombasa yana historia gani. Bomba la Mzima lilifika mjini 1957 na mpaka leo kuna mitaa inayokinga mvua. Akapiga simu bibi mmoja wa Mishomoroni. Alizungumza taratibu, bila tusi hata moja. Alisema mfereji wao umekauka wiki ya 5, lakini kila Magharibi lori la maji la tajiri fulani linaingia mtaani kuuza, na bei inapanda kila siku. Akalitaja jina kama lilivyoandikwa ubavuni mwa lori.

Tajiri huyo ndiye aliyekuwa akidhamini kipindi chetu.

Taa ya simu ya ofisini ikawaka. Punde nikamwona meneja nyuma ya kioo, funguo za gari bado zi mkononi, akapitisha kiganja shingoni. Nikashusha sauti ya yule bibi katikati ya neno, nikawaambia wasikilizaji kwamba laini imekatika. Laini haikukatika. Niliikata mimi, kwa kidole changu hiki cha shahada. Taarabu ikajaza dakika 40 zilizobaki.

Kesho yake bibi akaja mpaka getini na buibui lake na kikapu cha ukili. Alikuwa ameniletea maembe. Alidhani salio lake liliisha, na amekuja kuniomba radhi kwa kunikatizia kipindi. Nikayapokea maembe. Sikumwambia kitu. Mpaka leo sijamwambia, na sijui kama yu hai nikamwambie.

Meneja wetu hakuwa mtu mbaya, na hilo nataka ulielewe vizuri. Alikuwa na watu 11 wa kulipa mshahara, deni la stima, na kodi ya mlingoti. Pesa nyingi za kituo zilitoka mfuko mmoja. Angemwacha yule bibi amalize maneno yake, mwisho wa mwezi sote tungekaa bila mshahara. Mtu akiwa na roho njema lakini mfuko wake uko mkononi mwa mwingine, atakata simu tu.

Sasa mrudie mheshimiwa wenu na transmita yake. Wiki ya kwanza hatapiga simu. Mwezi wa kwanza pia hatapiga. Atapiga siku ile mama wa Bamburi atakapouliza hewani basari za wanafunzi zimekwenda wapi. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na transmita ya mheshimiwa ni nguo hiyo hiyo. Sheria yetu ya mawasiliano hapa Kenya inagawa utangazaji mafungu 3: wa umma, wa biashara na wa jamii, na kituo cha jamii hakiwi cha watu kugawana faida. Lakini leseni ya jamii ukutani haitoshi ikiwa mtambo unajulikana ni wa nani.

Matangazo ya serikali nayo yana mtego wake. Mwezi wa Machi 2024 lilitoka agizo kwamba matangazo ya redio na televisheni ya taasisi za serikali yaende KBC, shirika la utangazaji la taifa, peke yake. Jambo lilifika mahakamani, sawa, lakini hebu fikiria kituo kilichotegemea matangazo hayo kwa chakula chake. Barua moja tu, na mwezi umeharibika.

Kuna watu walilifikiria hili zamani, mbali na huku. Mmarekani mmoja, Lewis Hill, alifungua kituo kiitwacho KPFA mji wa Berkeley, California, tarehe 15 Aprili 1949. Hakutaka matangazo ya biashara, alitaka wasikilizaji wenyewe wakiweke hewani. Mwaka uliofuata pesa zikaisha, kituo kikanyamaza. Wasikilizaji wakachanga, na 1951 kikarudi hewani. Hill alikuwa na hesabu yake: wakilipa asilimia 2 tu ya wanaoweza kukisikia, kituo kitaishi. Mimi hesabu hiyo naipenda sana. Mtaa wenye wasikilizaji 1,000 unahitaji watu 20. Wewe, muuza viazi karai akibadili nia, imamu, mwalimu, mwenye kinyozi, tayari mko 5. Na katika hao 20 hakuna hata mmoja ambaye akinuna anaweza kumfanya mtangazaji akate simu ya bibi. Akijitoa mmoja wanabaki 19, na kipindi kinaendelea.

Basi toa, lakini toa kwa macho mawili. Ukituma, soma ujumbe wa M-Pesa: jina lililotokea ni la kituo au la mtu? Likiwa la mtu, simama hapo hapo ukaulize. Ulizia pia kama wanasoma hewani mapato na matumizi, stima kiasi gani, mafuta ya jenereta kiasi gani. Wenye nia safi hawataona taabu. Shilingi 50 kila mwezi ni bora kuliko 1,000 mara moja kwa mwaka, kwa sababu stima hailipwi mara moja kwa mwaka.

SWALI: Asalaam aleikum Bi. Babangu ana miaka 78, yuko Majengo. Kwa miaka mingi alitega VOA Kiswahili kila jioni, kisha mwaka jana ikanyamaza. Anashika redio anazungusha kitufe kama mtu aliyepotelewa. Nimesikia Wamarekani huchangia redio zao, sasa hii ilikuwaje ikafa? (Binti wa Majengo)

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Mpe mzee salamu zangu, na mwambie kitufe chake ni kizima.

Hapo kuna mambo mawili yanayochanganywa. VOA ni sauti ya serikali ya Marekani kwa watu wa nje, tangu 1942, na pesa zake zote hutoka serikalini. Machi 2025 rais wao alitia saini amri ya kulipunguza shirika linaloisimamia, na siku iliyofuata wafanyakazi karibu wote wakaambiwa wabaki nyumbani. Babako hakuwa na shilingi yake mle ndani, kwa hivyo hakuna aliyemuuliza. Hilo ndilo linaloniuma. Mzee amesikiliza miaka na miaka na hakuwa na pa kupeleka neno lake.

Zile zinazochangiwa ni redio za umma za ndani ya Marekani. Hizo zilikuwa na miguu miwili. Mmoja ni michango ya wasikilizaji, wa pili ni fungu la serikali lililopitia shirika lililoanzishwa kwa sheria ya 1967. Julai 2025 bunge lao liliuondoa mguu huo wa pili, takriban dola bilioni 1.1 za miaka 2. Vituo vya miji mikubwa vyenye wachangiaji wengi vimestahimili. Walioumia zaidi ni wa vijijini, ambako wasikilizaji ni wachache na mifuko ni myepesi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema msikilizaji abebe mzigo wote peke yake. Ukifanya hivyo Nyali ya matajiri itakuwa na redio nzuri na Ganze ya vijijini isiwe nayo.

Waingereza wana njia ya tatu. Nyumba inayotazama televisheni hulipa ada, iliyokuwa pauni 174.50 kwa mwaka kuanzia Aprili 2025, na pesa hizo huendesha BBC, redio zake zikiwemo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957, na huduma yao ya dunia hupata pia fungu kutoka wizara ya mambo ya nje, kwa hivyo nayo hupunguzwa bajeti ikikazwa. Mzee akitaka habari za dunia jioni, mtegee hiyo, au ya Wajerumani. Na mtafutie kimoja cha hapa hapa Mombasa ambacho akipiga simu atapokelewa. Mtu wa umri wake ana mengi ya kusema.

SWALI: Bi, nimechangia kituo fulani shilingi 5,000. Nimewaomba wapunguze kipindi cha mashairi Jumamosi waongeze mpira, wamekataa. Nidai pesa zangu? (Mpenda kandanda, Tudor)

JIBU: Usidai, ndugu yangu. Hao waliokukatalia wangekubali, kesho mwenye 10,000 angekuja akaondoa mpira wenyewe. Pendekeza, andika, hudhuria mkutano wao ukapige kura kama wengine. Kipindi cha mashairi hakiuzi kitu, na tajiri gani atakidhamini? Kumbuka kipindi cha redio Je, Huu ni Ungwana?, alichokianza marehemu Leonard Mambo Mbotela mwaka 1966. Mtu anauliza tu kama kumpita mwenzako bila kumwamkia ni ungwana, na nchi nzima inatulia kusikiliza. Vipindi vya namna hiyo hulelewa na redio ya umma na za jamii, na Mombasa ikikosa mashairi Jumamosi nitajie ni mji gani utakaoyaweka.

SWALI: Bi wetu, sisi ni kina mama 14 wa Likoni, tuna mchezo wetu wa kuchangiana pesa kila wiki. Redio ya mtaa ilitusaidia mno mwezi uliopita: mtoto wa mwenzetu alipotea kwenye feri, wakatangaza, akapatikana kabla ya Isha. Tunataka kurudisha shukrani lakini pesa hatuna. (Kina mama wa Likoni)

JIBU: Alhamdulillahi kwa mtoto. Dada zangu, nyinyi mna kitu ambacho kituo hakiwezi kununua. Mtangazaji kijana aliyetoka chuoni hajui kaskazi inaathiri vipi bei ya samaki, hajui tanzia ya mtaa wenu inaandikwaje bila kumkosea mtu jina la babake, hajui mfereji gani unatoka maji siku gani. Chagueni wawili kati yenu, muwe mnapeleka habari hizo kila Jumatatu asubuhi, mkishakuwa na hakika nazo. Siku mchezo ukimfikia kila mtu na zikabaki shilingi mia mbili, pelekeni. Vituo vingi vya jamii vina mkutano wa wasikilizaji, ulizeni siku yake hapo mlangoni. Mkienda, kaeni mbele, na mwenzenu mwenye mtoto ndiye aanze kusema.