Wasomaji Wanauliza: Sherehe za Pwani ni Lini, na Mtu wa Dodoma Ajipangeje?

Barua za safari hii zimetoka Dodoma mjini, Mpwapwa, Chamwino na Kondoa, na karibu zote zinagusa jambo moja: sherehe za pwani. Tumechagua tano.

Shule zikifunga mwezi wa Aprili nataka kuwapeleka watoto pwani wakaone ngoma na mashindano ya ngalawa. Nimetafuta tamasha la mwezi huo sijaliona. Kwani wenzetu hawasherehekei kipindi cha Pasaka? (Mwalimu, Mpwapwa)

Wanasherehekea, Mwalimu, ila si uwanjani. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei pwani iko kwenye masika. Sisi huku tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba mvua zetu zinapoaga ndipo zao zinapokolea. Hakuna mwandaaji mwenye akili timamu atakayetandaza nyaya za umeme na vipaza sauti kwenye uwanja wa wazi mwezi huo. Ngalawa nazo zinataka upepo wa kutegemewa. Kaskazi imekwisha, kusi haijatulia, na nahodha hawezi kuahidi mashindano ya saa nne asubuhi wakati hajui upepo utavuma kutoka wapi.

Ukielewa hivyo, ratiba nzima ya pwani inakuwa wazi. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004 na ambalo kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe, Zanzibar, liko Februari kwa sababu vuli imepita na masika haijafika. Kisha kunakuwa kimya, na kuanzia mwishoni mwa Juni mambo yanafumuka: tamasha la filamu la Zanzibar, Mwaka Kogwa (sikukuu ya mwaka mpya huko Makunduchi, kusini mwa Unguja), Tamasha la Kizimkazi mwezi wa Agosti, halafu Bagamoyo baadaye.

Sherehe za mwezi mwandamo haziangalii mvua. Idi el-Fitri ya 2025 iliangukia mwisho wa Machi, na kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11, kwa hiyo kwa miaka michache ijayo itakuwa Machi, kisha Februari. Idi Unguja si siku moja. Ni sikukuu ya siku nne, na jioni watoto hujaa viwanja vya Mnazi Mmoja wakiwa na nguo mpya na hela za sikukuu mkononi. Kwa watoto wako hiyo ni sherehe nzuri kuliko tamasha lolote la tiketi. Angalieni tu msifike siku chache kabla: mwezi wa Ramadhani hamtapata chakula mchana kirahisi, na kula hadharani ni kosa huko.

Kama lazima iwe Aprili, nendeni Bagamoyo kwa ajili ya historia: magofu ya Kaole, Mji Mkongwe, na misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868. Mzunguko wote anzeni saa moja na nusu asubuhi. Na waambieni watoto kwamba misafara iliyokuwa ikiishia hapo ilipita Mpwapwa kwao.

Nasikia Mwaka Kogwa ni sikukuu ya Kiajemi ya majira ya kuchipua. Mbona inafanyika Julai? Na je, mgeni asiye na ndugu Makunduchi anaruhusiwa? (Msomaji, Area C)

Asili yake ni hiyo hiyo Nauruzi, ambayo Iran husherehekewa tarehe 20 au 21 Machi. Tofauti imeletwa na hesabu. Mwaka wa Nairuzi, kama Nauruzi inavyoitwa kwenye mwambao wetu, una siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za ziada. Hauna mwaka mrefu. Kalenda ya ukutani inaongeza siku moja Februari kila miaka 4, Nairuzi haiongezi, kwa hiyo kila miaka 4 inarudi nyuma siku 1. Miaka 100 iliyopita iliangukia Agosti, sasa iko katikati ya Julai. Usichukue tarehe ya makala ya zamani ukakata nayo tiketi.

Tusiicheke hesabu hiyo. Mabaharia na wakulima waliitumia kujua kusi itaingia lini na mbegu ishuke lini, kazi ambayo kalenda ya mwezi haiwezi, maana ndani ya miaka 33 mwezi wa Ramadhani unazunguka misimu yote.

Siku yenyewe ina mambo matatu ya kuona. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mabua ya migomba, na yaliyosongamana moyoni mwaka mzima humalizwa hapo. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto. Wanawake, wakiwa wamevaa vizuri kuliko siku zote, hupita wakiimba, na nyimbo zao hazimwachi mtu salama. Baada ya hapo ni kula na ngoma, na sherehe huendelea kwa siku kadhaa.

Mgeni anaruhusiwa, tena anatafutwa: kwa mila ya Makunduchi, nyumba isiyopata mgeni siku hiyo haina furaha. Lakini usiende mikono mitupu. Sukari kilo mbili au mchele vinatosha. Nguo zifunike mabega na magoti. Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba, hasa kina mama. Na usisimame ukingoni mwa uwanja wa mapigano ukishika simu: bua la mgomba lililolowa ni zito, na anayelirusha hakuangalii wewe. Kaa upande upepo unakotoka pia, kwa sababu makuti makavu yakishika moto moshi wake hauna subira. Gari za kurudi mjini huwa chache jioni ile, kwa hiyo ama ulale huko huko, ama uelewane na dereva asubuhi.

Njia ya bei nafuu kutoka Dodoma hadi Unguja ni ipi? (Kijana, Nkuhungu)

Treni ya umeme hadi Dar es Salaam, kisha boti. Safari za treni za Dodoma zilipoanza Julai 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Ukipanda ya alfajiri unaiwahi boti ya mchana, maana kituo cha treni na gati la boti vyote viko katikati ya jiji. Acha nafasi ya saa mbili angalau. Boti za mwendo kasi huchukua kama saa mbili.

Beba kitambulisho cha taifa. Bei ya raia na ya mgeni ni tofauti, kwenye boti na kwenye milango ya matamasha makubwa, na bila kadi unaweza kuambiwa ulipe ya mgeni. Juni hadi Agosti kusi inachafua bahari: kaa chini, katikati ya boti au nyuma kidogo, usikae mbele, na usipande na njaa wala shibe ya chips. Tangawizi itafunwe kabla boti haijaondoka. Ukianza kutapika umechelewa.

Mbukwenyi! Kikundi chetu cha muheme, ngoma ya Wagogo inayopigwa na kina mama, kimealikwa kwenye tamasha Bagamoyo. Mwaka juzi wenzetu walikwenda pwani, ngoma zikalegea jukwaani zikawa zinalia kama madebe, na ilimba moja (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) ikashika kutu. Tufanyeje? (Katibu wa kikundi, Chamwino)

Mbukwa, Katibu. Ngozi hunywa unyevu ulioko hewani, ikishanywa inarefuka, ikirefuka inalegea na sauti inashuka. Ngozi iliyowambwa kwenye ukavu wa Chamwino mwezi wa Septemba haijawahi kukutana na hewa ya bahari, na itaonyesha ugeni wake ndani ya saa chache.

Anzeni nyumbani. Msiwambe ngozi mpya chini ya wiki mbili kabla ya safari. Ngozi ambayo haijakauka ndani itavutika vibaya na haitarudi. Kila ngoma ifungwe kwa blanketi au kanga mbili nzito. Nailoni hapana, inatoa jasho. Wala msizipandishe juu ya basi. Mkikodi Coaster, piteni Morogoro, Chalinze, Msata kisha barabara ya lami hadi Bagamoyo. Mnakwepa foleni ya Dar es Salaam, na ngoma hazikai saa tatu kwenye joto la gari lililosimama.

Fikeni siku moja kabla. Ngoma zifunguliwe, ziachwe kivulini usiku kucha ili mzijue hali yake halisi, halafu asubuhi mpashe. Jua la dakika 20 hadi 30 ndilo bora. Kama ni moto, tumieni makaa yaliyokwisha kutoa moshi, ngoma ikae nusu mita mbali, na mtu aizungushe bila kusimama. Kipimo ni kiganja: pale kwenye ngozi weka mkono, ukishindwa kuuacha kwa kuhesabu hadi tano, rudisha nyuma. Makosa tunayoyaona mara nyingi ni haraka. Ngoma inasogezwa karibu na miali, katikati inakauka ukingo ukiwa bado mbichi, na inapasuka kwa pigo la kwanza. Au gogo lenyewe linafanya ufa, na hapo hakuna fundi. Gongeni ukingoni pande nne. Sauti ikiwa moja pande zote, inatosha.

Kazi haijaisha. Usiku upepo wa bahari utaishusha tena sauti ndani ya nusu saa. Mteueni mtu mmoja ambaye hachezi, kazi yake ikiwa kupasha ngoma za akiba nyuma ya jukwaa na kubadilishana. Waulizeni waandaaji mapema kama moto unaruhusiwa. Kwenye majengo ya makuti mara nyingi hauruhusiwi, na haki yao. Hapo draya ya saluni inafanya kazi vizuri: shubiri moja kutoka kwenye ngozi, dakika tano kwa kila ngoma, na waya mrefu wa umeme mwende nao wenyewe.

Ilimba: chumvi ya hewani ndiyo iliyokula vile vyuma. Kila usiku vifutwe kwa kitambaa kikavu, kisha vipakwe mafuta ya cherehani kidogo sana kwa ncha ya kidole. Mafuta yasifike kwenye utando wa buibui ule unaotoa mvumo. Huo utando ukilowa hulegea na mvumo unakufa, kwa hiyo bebeni wa akiba ndani ya kiberiti kitupu. Kwa zeze, utomvu wa kupaka upinde hunata ukipata unyevu. Uwekwe kwenye kopo lenye mfuniko na punje chache za mchele.

Muda nao uangalieni. Nyumbani muheme unakwenda mpaka watu watosheke, jukwaani mtapewa dakika. Mkiambiwa 20, pangeni 17, kwa sababu kuingia na kutoka kwa watu wengi kunakula tatu. Fundi mitambo aambiwe mapema kwamba wanaopiga ni kina mama na wanasogea, asije akaweka vipaza sauti kwa wanaume waliosimama. Ila msiwe na hofu ya kutoeleweka. Hukwe Zawose, Mgogo wa hapa hapa, alifundisha katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo na akaishi huko hadi alipofariki 2003. Ilimba si mgeni pale.

Na mkirudi, msizianike ngoma juani. Ngozi iliyorefuka pwani ikikaushwa ghafla na hewa ya Dodoma hujivuta na kuchanika kwenye misumari. Ziacheni zimefungwa kwa kitambaa ndani ya nyumba siku tatu.

Tunataka kuonyesha filamu uwanjani Kizota mwezi wa Julai, kama wanavyofanya Zanzibar kwenye tamasha la filamu. Tumeshona kitambaa cheupe cha mita 4 kwa 3. Kuna la kuangalia? (Vijana wa mtaa, Kizota)

Upepo, kabla ya kitu kingine. Ngome Kongwe, walikozoea kuonyesha filamu hizo, ina kuta nene pande zote, Kizota haina. Kitambaa chenu kina mita za mraba 12, na upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao Julai Dodoma si ajabu, utakisukuma kwa uzito wa kilo 70 hadi 80. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Nguzo mbili zilizochimbiwa futi moja zitalala chini juu ya watoto waliokaa mbele.

Tungeshauri mwache kitambaa, mpake chokaa nyeupe ukuta wa jengo la shule. Kama hakuna ukuta, nguzo ziingie ardhini sentimita 80, kila moja ivutwe kwa kamba mbili kwenda nyuma na mbili mbele, na kitambaa kifungwe kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli badala ya kamba, ili kikipigwa kilegee kidogo. Pembe za chini zifungwe nyepesi ziwe za kwanza kuachia. Upepo wetu hutoka zaidi mashariki, basi uso wa kitambaa uelekee kaskazini au kusini. Hivyo upepo unapita ubavuni, na mwanga wa magharibi hauwasumbui watazamaji.

Jua linazama saa 12:35 hivi jioni, anzeni saa 1:15. Projekta ya lumeni 3,000 inatosha kwa picha ya upana wa mita 4, na nyingi za kawaida zitakaa mita 6 hivi kutoka kwenye kitambaa. Jenereta iwe mita 30, upande upepo unakokwenda. Pateni ruhusa ya mwenye filamu, kibali cha Bodi ya Filamu, na mtoe taarifa serikali ya mtaa. Watangazieni watu waje na mablanketi, usiku wa Julai huku si wa Forodhani.