Swali la lugha: Je, kahawa ina nguvu?

Msomaji mmoja wa Langoni, Lamu, ameuliza hivi: "Assalamu alaykum mwalimu. Mwanangu aliandika insha kuhusu safari ya kwenda Faza. Akasema babake alikunywa 'kahawa yenye nguvu' kabla ya kutweka tanga, na kwamba walipofika, 'nguvu zangu zilikuwa zimekwisha'. Mwalimu wake ameyakata yote mawili. La kwanza amelifanya 'kahawa kali', la pili 'nguvu yangu ilikuwa imekwisha'. Nguvu hutumiwaje hasa, na je, ni ya au ni za?"

Waalaykum salaam, mama. Sahihisho la kwanza ni la haki. La pili si la haki, na mtoto anastahili kurudishiwa alama yake.

Tuanze na kahawa. Nguvu ni jina la kitu ambacho mtu, mnyama au chombo anacho na anakitumia kusukuma, kuvuta, kubeba au kushinda. Punda ana nguvu. Mashine ya boti ina nguvu. Kusi ikivuma mwezi wa saba ina nguvu, kwa sababu inasukuma tanga na kuinua mawimbi, ingawa "kusi kali" ni sawa pia. Kahawa haisukumi kitu. Sifa yake iko ulimini, kwa hiyo ni kali, ni nzito, au ni chungu. Watu wa Lamu wenyewe husema kahawa tungu, na sioni kwa nini mtoto wa Lamu asiandike hivyo katika insha, akiweka alama za mtajo.

Kosa hili nakutana nalo kila mara, na si kwa watoto tu. Watu wanatafuta neno moja la kubandika kila mahali, ilhali Kiswahili hugawa sifa hizi kwa kuangalia kazi ya kitu. Kamba ya nanga ni madhubuti. Boriti ya mkoko iliyobeba dari la nyumba ya mawe ni imara. Imani ni thabiti, hoja ni nzito, mkondo wa maji ni mkali, na mtu asiyetetereka mbele ya shida ni mkakamavu au shupavu, hata kama mwili wake ni mdogo na hawezi kuinua gunia. Ukishindwa kuchagua, tafuta kinyume chake. Kinyume cha kahawa kali ni kahawa nyepesi. Hakuna anayeagiza kahawa dhaifu. Kinyume cha mtu mwenye nguvu ni mnyonge au dhaifu. Kinyume cha hoja nzito ni hoja nyepesi. Kinyume kikikataa kukaa vizuri, neno la kwanza nalo lina walakini.

Dawa inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa inakubali yote mawili kwa maana mbalimbali. Dawa kali inachoma, inalevya au ina madhara. Dawa yenye nguvu ni ile inayoushinda ugonjwa. Inaweza kuwa na nguvu bila kuwa kali.

Sasa ya na za. Nadhani mwalimu ameiweka nguvu katika ngeli ya I-I pamoja na sukari na chumvi, vitu visivyohesabika. Lakini nguvu imo katika ngeli ya I-ZI, na wingi wake umekita mizizi katika mazungumzo ya kila siku: nguvu zimeniisha, nguvu zinamrudia, amevuta kwa nguvu zake zote. Nguvu za mwilini, zile zinazopungua na kurudi, husemwa kwa wingi mara nyingi zaidi. Umoja hupendwa pale tunapotaja chanzo au uzito wa jambo: nguvu ya hoja, nguvu ya umma, nguvu ya sheria. Huu ni mwelekeo tu, si kanuni ya kumkatia mtu alama. "Nguvu yangu imekwisha" si kosa. Kosa ni kulikata lile jingine.

Ningependa watoto wafundishwe zaidi kuhusu "kwa nguvu", maana hapo ndipo maana hugongana. "Sema kwa nguvu" ni kupaza sauti. "Waliivuta mashua kwa nguvu" ni bidii. "Waliichukua mashua kwa nguvu" ni dhuluma. Msomaji asipopewa kitenzi kinachojieleza, hajui amwonee nani huruma. Kwa hiyo penye dhuluma andika "kwa mabavu". Neno hili ni ndugu wa ubavu, na linapendeza kulitazama: wingi wa kawaida wa ubavu ni mbavu, lakini mabavu yamejitenga yakawa ni uonevu. Umoja wenyewe umebaki na maana ya uwezo: "Sina ubavu wa kushindana naye." Anayesema hivyo huenda anazungumzia fedha au elimu, wala si mwili hata kidogo.

Kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, wazee wetu huchagua kudura: "kwa kudura za Mola." Nguvu za Mungu husemwa pia, bila dosari.

Na kuna kani. Mitaani, kushikilia kani ni kukazania jambo bila kukubali kushindwa. Katika fizikia ya Kiswahili, kani ndiyo inayosukuma au kuvuta kitu, na kutokana nayo tumepata kanieneo, yaani kani inayokandamiza eneo fulani. Mwanao akifika huko asiandike nguvu mahali pa kani, wala mahali pa nishati.