Vidonge vya Ayurveda pamoja na methotrekseti?

Swali: Nina soriasisi (ugonjwa wa ngozi wenye mabaka na magamba) kwenye viwiko na magoti. Natumia methotrekseti, dawa ya hospitali ya kutuliza kinga ya mwili; shangazi kaniletea vidonge vya Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, kutoka India. Nichanganye?

Jibu: Hapana, tafadhali. Baadhi ya vidonge hivyo hutiwa zebaki, risasi au aseniki kwa makusudi, na methotrekseti peke yake yaweza kuumiza ini. Mpelekee daktari chupa yenyewe, wala usiache methotrekseti kwa uamuzi wako. Na kumbuka: kwa soriasisi, methotrekseti humezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku.

Mafuta ya nazi, yanayotumika sana katika tiba ya Ayurveda, hayana shida. Oga maji ya uvuguvugu, jikaushe bila kusugua, upake ngozi ikiwa na unyevunyevu. Magamba usiyabandue; kidonda kidogo huweza kuzaa baka jipya.