Maswali yenu: mgombea urais akiongea vita na msaada wa jeshi, tumsikize vipi?

Tangu niandike kwamba kabla ya Agosti 10, 2027 kila mtu anayetaka kiti cha urais hapa Kenya atuambie waziwazi msimamo wake kuhusu vita, kutuma wanajeshi wetu nje na kupokea silaha za wengine, maswali yamekuja mengi na mengine ni makali. Nimechukua machache, yale yanayofanana nimeyaunganisha.

Trump kwa kampeni alisema atamaliza vita ya Ukraine kwa masaa 24. Hiyo ilikuwa ahadi ama maneno ya kutafuta kura tu? (Dereva, Umoja)

Alisema, tena si mara moja. Akaapishwa Januari 20, 2025, siku ikapita, mwezi ukapita, mwaka wote wa 2025 ukaisha na mizinga bado inalia, na alipoulizwa akajibu kwamba yale masaa 24 alikuwa ametia chumvi. Lakini ndugu yangu usiishie hapo juu kuna upande wa pili wa msimamo wake ambao watu wengi hawakuusikiliza vizuri. Alikuwa anasema pia kwamba Marekani inatoa pesa mingi sana kwa Ukraine, kwamba Ulaya ndio walipe, na kwamba msaada uwe mkopo. Hayo aliyasema kabla na baada ya Aprili 2024, ambapo Bunge la Marekani lilipitisha kifurushi cha karibu dola bilioni 95, na kama bilioni 61 zilikuwa za Ukraine. Sasa hii ya pesa aliifanya kweli. Februari 28, 2025 wakakosana na Zelensky mbele ya kamera pale Ikulu ya White House, siku chache baadaye msaada wa silaha ukasimamishwa, kisha ukarudi, Aprili 30 wakasaini mkataba wa madini, halafu ikaja mipango ya nchi za NATO kununua silaha za Marekani ndio zipelekwe Ukraine.

Mimi napima wagombea hivi. Kuna vitu vinataka sahihi ya rais tu na kuna vitu vinataka adui naye akubali. Kusimamisha vita kunataka Putin akubali, kwa hivyo hakuna mgombea yeyote wa Marekani alikuwa na uwezo wa kukuahidi hiyo. Kukata msaada kunataka kalamu. Mgombea akiongea mambo ya kalamu msikilize sana, juu hayo anaweza kuyafanya wiki ya kwanza.

Hiyo misaada ya kijeshi huwa ni pesa taslimu? Inaingia kwa nani? (Mwanafunzi, Kahawa)

Mara nyingi si pesa taslimu. Mpango mkubwa wa Marekani wa kufadhili majeshi ya nje unafanya kazi kama vocha ya duka moja, unapewa kiasi fulani lakini unakitumia kununua silaha, vipuri na mafunzo ya Wamarekani. Israel ina mkataba wa dola bilioni 38 kwa miaka kumi, ulisainiwa 2016 wakati wa Obama ukaanza kutumika 2019, bilioni 33 ni za silaha na bilioni 5 ni za kukinga makombora. Misri nayo kwa miaka mingi imekuwa ikipangiwa karibu bilioni 1.3 kwa mwaka, na hiyo inatokana na amani yake na Israel ya 1979.

Ndio maana mgombea kule akisema anakata msaada wa nje, wanaotetemeka si wageni peke yao. Kuna kiwanda, kuna wafanyakazi, kuna mbunge ambaye kura zake zinatoka kwa hao wafanyakazi. Januari 2025 serikali ya Trump ilipofungia misaada ya nje karibu yote, dawa na chakula vikakwama, lakini pesa za kijeshi za Israel na Misri ziliachwa ziendelee. Dawa zetu za ukimwi zikatuweka roho juu hapa Kenya na risasi zikapita. Mimi hiyo iliniuma na bado inaniuma.

Obama ni damu yetu, alipinga vita. Mbona akaingia Libya? (Msomaji, Kibra)

Hili nalipenda juu linagusa nyumbani. Oktoba 2002, akiwa seneta wa jimbo la Illinois tu, alisimama Chicago akapinga vita ya Iraq kabla haijaanza, wakati wakubwa wengi wa chama chake walikuwa wanaiunga mkono. Hillary Clinton alipiga kura ya ndio kwa Seneti, na 2008 hiyo kura ilimsumbua sana. Sisi hapa, kutoka Kogelo mpaka Nairobi, tukaamua huyu ni mtu wa amani. Lakini kwa hotuba ileile ya 2002 alisema hapingi vita vyote, na kwa kampeni ya 2008 alisema waziwazi kwamba atatoa jeshi Iraq na ataongeza jeshi Afghanistan. Akafanya yote mawili. Desemba 2011 wanajeshi wakatoka Iraq, na Afghanistan wakafika karibu laki moja chini yake. Huyo mtu alituambia, sisi ndio tulisikia nusu.

Libya ni mambo mengine na hapo ndio nina shida naye. Machi 2011 aliingia bila idhini ya Bunge lake. Sheria yao ya 1973 inasema rais akiingiza majeshi vitani atoe ripoti kwa masaa 48 na baada ya siku 60 awe na kibali ama aanze kuwatoa. Siku 60 zikapita na serikali yake ikasema ile haikuwa vita ya aina inayotajwa na hiyo sheria, ilhali ndege zilikuwa zinapiga mabomu. Marekani haijatangaza vita rasmi kupitia Bunge tangu 1942, na tangu hapo imepigana Korea, Vietnam, Iraq, Afghanistan. Rais Johnson mwaka wa 1964 aliwaambia wapiga kura hatatuma vijana wa Marekani wakafanye kazi ya vijana wa Asia, Machi 1965 wanamaji wakatua Da Nang, Vietnam. Rais Wilson alichaguliwa tena 1916 kwa sifa ya kuwaepusha na Vita vya Kwanza vya Dunia, Aprili 1917 wakaingia. Kwa hivyo si Obama peke yake, ni kalamu ambayo hakuna mtu anaishika mkono.

Na hapa kwetu, rais anaweza kutuma KDF mahali bila kuuliza mtu? (Mwalimu, Kasarani)

Katiba ya 2010 inasema hapana. Kifungu cha 240(8) kinalipatia Baraza la Usalama wa Taifa uwezo wa kutuma majeshi nje, na pia kukubali majeshi ya wageni hapa ndani, lakini kwa idhini ya Bunge. Kutangaza vita pia kunahitaji Bunge.

Shida ni mfuatano. Jeshi letu lilivuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, na kura ya Bunge ya kukubali wajiunge na AMISOM, kile kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia, ikaja baadaye, wakati vijana tayari wako kwa matope huko. 2022 tukatuma zaidi ya wanajeshi 900 mashariki mwa Congo, wakaagwa kwanza na rais, wabunge wakaidhinisha baadaye. Ukishamuaga mtu na bendera, ni mbunge gani atasimama aseme hapana? Na ile ya Congo iliisha vipi, Kinshasa ilikataa kuongeza muda, Desemba 2023 wanajeshi wetu wakarudi, na Januari 2025 waasi wa M23 wakauchukua mji wa Goma. Sijasikia mtu akisimama mbele ya Wakenya aeleze tulipata nini huko.

Swali la kumuuliza mgombea ni moja tu hapa. Utaenda Bungeni kabla ama baada?

Haiti ilikuwa polisi, si jeshi. Hiyo nayo inahesabika? (Msomaji, South B)

Inahesabika kabisa, tena ndio mfano mzuri wa kuunganisha haya yote. Baraza la Usalama la UN lilikubali ule mpango wa Kenya kuongoza kikosi cha kupambana na magenge Haiti Oktoba 2023. Ekuru Aukot, ambaye aligombea urais 2017, akaenda kortini, na Januari 26, 2024 Mahakama Kuu ikasema lile Baraza letu lina uwezo wa kutuma majeshi, si polisi, na polisi wanaweza kwenda tu kwa nchi yenye makubaliano ya kusaidiana na sisi. Machi 1 makubaliano yakasainiwa hapa Nairobi. Juni 25, 2024 kundi la kwanza la polisi 400 likatua Port-au-Prince, siku ileile vijana wetu walikuwa wanapigwa risasi nje ya Bunge.

Sasa angalia pesa. Mfadhili mkubwa alikuwa Marekani. Kura ikapigwa Novemba 2024 huko kwao, mgombea mwenye msimamo wa kukata misaada akashinda, na Februari 2025 UN ikasema dola milioni 13.3 za Marekani kwa mfuko wa Haiti zimefungiwa. Mwezi huohuo polisi wetu wa kwanza akauawa kule. Watu walitarajiwa wafike 2,500 kutoka nchi mbalimbali, wakabaki kama elfu moja mpaka Septemba 2025 UN ilipobadilisha ule mpango wote kuwa kikosi kingine. Hapo ndio nasema msimamo wa mgombea wa Marekani si habari ya kutazama tu kwa TV halafu ulale, kijana wa Githurai aliyevaa ile sare alikuwa anategemea kura ya mtu wa Pennsylvania.

Ile hadhi ya mshirika mkuu wa Marekani asiye wa NATO, tukivamiwa watatutetea? (Mfanyabiashara, Gikomba)

Hapana. Ilianza rasmi Juni 2024, inafungua mlango wa kununua na kukopeshwa vifaa na kufanya mafunzo pamoja. Hakuna kifungu kinachowalazimisha kupigana kwa ajili yetu.

Kuna mgombea wa Kenya amewahi kusimama aseme nitatoa jeshi Somalia? (Msomaji, Dandora)

Yuko. Raila Odinga kwa kampeni ya 2017 alisema akishinda atawarudisha wanajeshi, na wakati jeshi linaingia Somalia 2011 yeye ndiye alikuwa Waziri Mkuu. Uhuru Kenyatta akashikilia kwamba wabaki mpaka Somalia itulie. Sitaki turudie ile siasa, nataka uangalie zile ahadi mbili zenyewe. Ya kwanza ni ya kalamu, ingeweza kupimwa kwa tarehe. Ya pili haina tarehe juu inategemea Al-Shabaab na wanasiasa wa Mogadishu, na kweli AMISOM ikawa ATMIS, ATMIS ikaisha Desemba 2024 ikaja AUSSOM, majina yanabadilika na hatuoni mwisho.

Wewe unaongea hivi juu hukai Mandera. Tukitoka Somalia, Al-Shabaab watatufuata mpaka hapa. (Msomaji, Eastleigh)

Nimeisoma mara kadhaa na nakuelewa. Westgate 2013 walikufa watu 67, Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015 wakafa 148, Januari 2019 ikawa hoteli ya DusitD2. Hayo yote yalitokea jeshi likiwa tayari Somalia, na mtu anaweza kusema bila jeshi ingekuwa mbaya zaidi, na mwingine aseme jeshi ndilo lililowaleta, na mimi sioni kama yeyote kati yao ni mjinga. Sijasema mgombea lazima atoe jeshi. Akisema tubaki, sawa, lakini atuambie nani analipa, juu Umoja wa Ulaya ulikuwa unalipa marupurupu ya wanajeshi wa AMISOM na 2016 wakapunguza kwa asilimia 20. Aseme pia ni nini kikifanyika huko tutajua kazi imeisha. Mtu wa Mandera ndio anastahili hayo majibu zaidi ya sisi wote.

Mwanangu, kijana wangu amemaliza mafunzo Eldoret juzi. Hao wanasiasa wakija kuomba kura nimuulize nini? (Mama, Kayole)

Mama, hongera na pole kwa pamoja, najua moyo uko vipi.

Muulize hivi: mtoto wangu akiuawa huko, utamtaja? Januari 15, 2016 kambi yetu ya El Adde kule Somalia ilivamiwa na ile ikawa siku mbaya kuliko zote kwa jeshi letu tangu uhuru, na serikali haikutoa idadi kamili ya waliokufa. Januari 2017 ikaja kambi ya Kulbiyow na mabishano ya idadi yakawa yaleyale. Kuna familia zilijua kwa picha za mitandao kabla ya kupigiwa simu. Wakisema ni siri ya usalama, adui tayari anajua ameua wangapi, alikuwa pale, sisi ndio hatujui. Kusoma majina hadharani, kulipa mjane bila kumzungusha ofisi mpaka ofisi, kuleta ripoti Bungeni, hayo yote ni ya kalamu na hakuna Al-Shabaab anaweza kuyazuia. Mgombea akikujibu kwa kusifu ushujaa wa vijana wetu, mshukuru halafu umuulize tena swali lilelile.

Na jeshi la Waingereza pale Nanyuki? (Msomaji, Thika Road)

Kile kifungu cha 240(8) kinawahusu pia, majeshi ya wageni ndani ya Kenya yanahitaji idhini ya Bunge. Mkataba wa ulinzi na Uingereza ulisainiwa 2021 na mafunzo yanaendelea Laikipia, ambako Machi 2021 moto uliowaka Lolldaiga wakati wa mazoezi yao uliteketeza maelfu ya ekari na wenyeji wakaenda kortini. Mgombea akipita Nanyuki kwa kampeni, wenyeji wamuulize kama atasaini tena, na kwa masharti gani, akiwa bado juu ya gari.