Singo moja, kasi tatu: hesabu kwanza, ndipo uchanganye

Juzi umeingia ujumbe wa kijana wa Mbagala pamoja na singo yake mpya. Inaanza amapiano ya Afrika Kusini, inapanda kwenye jungle ya London, inamalizia singeli ya Dar es Salaam. Swali lake lilikuwa moja: "Kaka, mbona watu wanacheza vizuri, halafu biti ikibadilika wanasimama?" Jibu naliweka hapa, maana hayuko peke yake.

Hawasimami kwa kuichukia singeli. Wanasimama kwa sababu mguu umepotea. Amapiano yake ilikuwa na mapigo 113 kwa dakika, jungle 172, singeli 210. Namba hizo hazina undugu wowote, kwa hiyo kila sehemu ikiingia mwili unaanza kuhesabu upya, na mchezaji akishaanza kuhesabu hachezi tena.

Kasi ipangwe kabla hujafungua sauti hata moja. Amapiano hutembea karibu na mapigo 112 kwa dakika. Jungle ni 160 na kitu. Singeli huanzia kwenye 200 na inaweza kufika 300. Chukua 112, 168 na 224, uzigawe zote kwa 56: unapata 2, 3 na 4. Sasa una ukoo mmoja. Weka mradi mzima kwenye 112 na usiuguse tena. Baa mbili za amapiano, yaani mapigo manane, huchukua sekunde 4.29. Ndani ya muda huohuo jungle inamaliza baa tatu na singeli inamaliza nne.

Mtego uko kwenye urefu wa sehemu. Kwa mazoea prodyuza anaandika jungle ya baa 16, kama anavyofanya kwenye kila kitu. Baa 16 za jungle ni baa 10 na theluthi mbili za amapiano, kwa hiyo ukirudi kwenye biti ya mwanzo unaangukia katikati ya pigo, na hakuna rangi ya sauti itakayoficha hilo. Andika 12 au 24. Kumi na mbili ni sawasawa na baa 8 za amapiano, 24 ni 16. Singeli haina shida hiyo kwa sababu ni maradufu tu.

Kisha liandae sikio. Baa nane kabla ya jungle kuingia, leta manyanga yapige matatu juu ya mawili, kwa sauti ya chini sana. Kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, weka gridi ya theluthi ya pigo, halafu noti kila mstari wa pili. Baa nne za mwanzo yawe nyuma kabisa, nne za mwisho yapande. Aliyekulia na chakacha Mombasa au Lamu hahitaji kufundishwa jambo hili, mabega yake yanalijua. Jungle ikiingia, mchezaji anakuta tayari alikuwa ndani yake.

Baada ya kasi, besi. Hapa ndipo singo nyingi hufia. Logi dramu, ile besi ya kugonga ya amapiano (wengi huitoa kwenye FruityDX10, ala ya ndani ya FL Studio), inakaa chini, kati ya 40 na 100 Hz, mahali palepale panapotakiwa na dundo (kick). Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwenye sehemu ya amapiano, lipunguze dundo lote lililo chini ya 90 Hz, ibaki ile ngumi ya juu. Kwenye singeli geuza: logi dramu iondoke kabisa, dundo lichukue nafasi yote.

Ila dundo lenyewe lazima likatwe. Kwenye 112 pigo moja lina milisekunde 536, mkia mrefu una pa kukaa. Kwenye 224 pigo lina milisekunde 268 tu. Dundo lenye mkia wa 400 linapanda juu ya linalofuata, na badala ya mapigo unasikia ngurumo. Likate libaki 130 hivi. Kompresa inayoisukuma besi chini kila dundo likipiga nayo ina hesabu yake: ikiachia kwa milisekunde 300, pigo jipya linaifikia kabla haijaachia, na besi haipandi tena kikamilifu hadi wimbo uishe. Weka 100, besi ishuke desibeli 4 hadi 6. Nimeshawasikia watu wakinunua plagini mpya kutibu ugonjwa huu. Dawa ni kuzungusha kitufe kimoja.

Kipande cha taarab ukitaka kukiongezea kasi, usifunge kimo cha sauti (pitch). Kiache kipande kitoke 112 hadi 168 pamoja na kimo chake: kitapanda nusu-toni 7, na A ndogo (A minor) itakuwa E ndogo, ngazi zinazotofautiana noti moja tu, F na F kali. Kipeleke 224, kinapanda oktavu kamili. Ndiyo maana namba hizi hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Na omba ruhusa mapema, kwa mtunzi na kwa mwenye rekodi, maana ni haki mbili tofauti. Ukiwa Tanzania, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndipo pa kuulizia.

Wapo wanaosema muziki wa chini kwa chini haudai usafi. Mimi sikubali. Singeli ya studio ya Sisso, kule Mburahati, Dar es Salaam, iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, ni kali na imejaa mikwaruzo, lakini pigo halipotei hata mara moja. Ukali unatengenezwa. Uzembe unajitokeza wenyewe, na wachezaji wa vigodoro, zile sherehe za mitaani, wanautambua kabla yako.

Kila kilicho chini ya 120 Hz kiwe mono (sauti ileile kushoto na kulia), kwa sababu spika nyingi za ukumbini zinaunganisha kushoto na kulia, na besi iliyotanuliwa inajifuta yenyewe. Sikiliza pia kwenye simu. Simu haitoi 50 Hz, hivyo likwaruze dundo kidogo lizae sauti za juu yake, za 100 na 150 Hz. Miksi iache nafasi ya desibeli 6 juu, masta (toleo la mwisho) iishie kwenye desibeli −1. Usikimbizane na makelele: Spotify wataishusha hadi −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) hata uivimbishe vipi.

Mwachie DJ baa 16 za ngoma tupu mwanzoni, sekunde 34, na mwisho umwachie singeli tupu baa 32, ambazo ni sekunde 34 zilezile. Ataingia na amapiano na kutoka na singeli. Andika "112-224" kwenye jina la faili.

Kwako, mdogo wangu wa Mbagala: 113 ishuke iwe 112, 172 iwe 168, 210 ipande iwe 224. Jungle yako ya baa 16 iongezee nane. Dundo la singeli likate mkia. Halafu nitumie WAV, si MP3.