Nyota tatu za Januari zimeenda wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Igombe hapa Mwanza, mume wangu anavua dagaa. Mwezi wa kwanza umeme ulikatika tukakaa nje, mimi na binti yangu wa miaka sita tukaona nyota tatu zimejipanga mstari juu kabisa, akazipenda ikawa kila usiku lazima azihesabu. Sasa ni Juni, tukitoka hazipo, anasema zimezama ziwani na analia kweli. Zimeenda wapi? Na tununue darubini?

JIBU: Marahaba mama. Mwambie hazijazama, zipo, ila sa hivi zinapita juu yenu mchana.

Hizo tatu ni mkanda wa Orioni, yaani kundi la nyota lenye umbo la mwindaji. Dunia inazunguka jua, na mwezi huu jua limekaa upande uleule wa Orioni kwahiyo mwanga wake unaifunika. Muonyeshe hivi: weka taa ya kuvulia katikati ya uwanja usiku, asimame kati ya taa na mwembe akiipa taa mgongo, mwembe atauona vizuri, hiyo ndo Januari. Halafu azunguke mpaka upande wa pili, taa iwe kati yake na mwembe, atakachoona ni mwanga tu unamuumiza macho, na mwembe haujasogea hata hatua. Hiyo ndo Juni.

Na haikutokea ghafla. Kila siku nyota inachomoza dakika kama 4 mapema kuliko jana, kwa mwezi ni saa 2 nzima, ndo maana wazee wetu walikuwa wanajua msimu kwa kuangalia juu tu. Kilimia, lile fungu dogo la nyota lililobanana, jina lenyewe limetokana na kulima, na wahenga walisema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwenu ni hivyohivyo, kinapotea jioni za mwezi wa tano masika yakiishia, kinarudi alfajiri za Juni kiangazi kimeshaingia. Mimi hilo linanifurahisha kila mwaka.

Darubini usinunue kwanza. Subiri giza, zile siku baba yao anaingia ziwani kwa sababu hakuna mbalamwezi, zimeni taa na simu muiweke mbali, macho yanataka kama nusu saa kuzoea. Mida ya saa mbili usiku angalieni kusini mtaona Msalaba wa Kusini umesimama wima, kushoto kwake nyota mbili kali, ile ya mbali zaidi na msalaba ni Alfa Sentauri, jirani wa karibu wa jua letu kwa nyota zinazoonekana kwa macho, na bado mwanga wake unasafiri miaka 4 na kidogo kutufikia. Geukeni kaskazini, kundi lingine la nyota, Dubu Mkubwa, yuko juu ya ziwa saa hiyohiyo. Watu wa Ulaya msalaba huo hawauoni kabisa, nyie mko karibu na ikweta mnapata pande zote mbili. Mashariki kuna Nge, ana moyo mwekundu na mkia uliojikunja, watoto humpenda sana.

Za binti zitarudi katikati ya Julai. Muamshe saa kumi na mbili kasoro alfajiri, mitumbwi ikianza kurudi, aangalie mashariki, atazikuta zinapanda moja juu ya nyingine kwa mshazari.